Msitufundishe Kungoja

Kila mwaka mwezi wa tano ukifika, simu zetu zinaanza kulia. Siku ya Wakimbizi Duniani ni Juni 20, na mashirika yanataka picha. Mwaka huu tuliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Tulipewa soda na chapati, na mtu mwenye kamera kubwa akatufundisha kwamba siri ya kupiga picha za mtaani ni subira. Vuteni subira, alisema, mtaa wenyewe utawaletea picha. Tukaandika kwenye daftari. Baada ya siku tatu ukaja ujumbe kutoka ofisi iliyomleta: picha 40 kabla ya Ijumaa, zenye nyuso na hisia, kumi za wanawake, kumi za watoto, na kama inawezekana moja ya mama aliyebeba kitu kichwani.

Jina la ofisi hiyo hatulitaji, maana ziko nyingi na ujumbe wao unafanana kama mapacha. Lakini tumekaa, tumejadili hadi usiku, na tumeamua kuandika. Ninyi mnaovaa fulana zenye nembo, someni mpaka chini. Na ninyi wenzetu wenye simu za kioo kilichopasuka, msicheke bado, sehemu yenu inakuja.

Tuanze na hilo neno subira. Kumfundisha mkimbizi wa Old Kampala kuvuta subira ni kumuuzia ndagala mvuvi wa Baraka. Hiki kilima chote ni kilima cha kungoja. Wengi wetu tuliofika mjini bila kupitia Nakivale wala Kyangwali tulianzia kituo cha polisi cha Old Kampala, tukiwa na begi moja na hadithi moja ambayo tuliirudia mpaka ikakauka mdomoni. Tumengoja namba. Tumengoja mahojiano. Tumeambiwa turudi Jumatano, na Jumatano tukaambiwa wiki ijayo. Kuna yaya zetu ambao faili zao za kwenda nchi ya tatu zimekaa miaka hadi mtoto aliyeandikwa humo kama mchanga sasa anaota ndevu. Sasa mtu anakuja na projekta kutueleza kusimama ni nini!

Kungoja kwa foleni na kungoja kwa mpiga picha ni vitu viwili, ingawa miguu inauma vilevile. Kwenye foleni anayejua kitakachotokea ni mtu mwingine. Yuko nyuma ya dirisha, ana orodha, ana kalamu. Wewe hujui kama utaitwa saa nne au hutaitwa kabisa. Hakuna dalili ya kusoma, ndo maana unachoka hata ukiwa umekaa. Mpiga picha wa mtaani anangoja kwa sababu kuna jambo analijua. Anajua kivuli cha ile nguzo kitagusa mlango wa duka baada ya dakika kumi. Anajua kijana wa mikate hupita pale saa moja na nusu. Anajua ile taksi ikijaa itaondoka, na nyuma yake utabaki ukuta wa njano mtupu, na mtu wa kwanza kuvuka ataonekana peke yake mbele ya ukuta huo. Anatazamia. Bila kutazamia huko, kusimama kona masaa mawili ni kuchomwa na jua bure.

Na kutazamia hakupatikani hotelini kwa siku mbili. Kunatoka kwenye kukaa mahali. Hapo ndipo ugomvi wetu na ninyi unapoanza: mnatuhubiria subira, halafu mnalipia haraka.

Mwalimu wetu alimtaja Henri Cartier-Bresson kila baada ya dakika tano. Hatuna ubaya na huyo mzee Mfaransa, picha zake tunazipenda. Mwaka 1952 alitoa kitabu ambacho kwa Kiingereza kiliitwa The Decisive Moment, yaani ule wakati mmoja unaoamua yote. Kutoka kwenye jina hilo ndo semina zote duniani zimezaliwa: kuna nukta moja takatifu, fundi anaingoja, anabonyeza, kwisha. Lakini kitabu hicho kwa Kifaransa hakina jina hilo. Kinaitwa Images à la Sauvette. Sisi tuliosoma Bukavu, Uvira au Bujumbura hiyo sauvette tunaijua bila kamusi. Vente à la sauvette ni biashara ya mtu asiye na kibali. Ametandika kitambaa chini, jicho moja liko kwa mteja na jingine liko kwenye kona, na polisi akitokea anakunja na kupotea. Maneno ya Kiingereza yalichukuliwa kwenye msemo wa kardinali mmoja wa zamani, de Retz, uliowekwa mwanzoni mwa kitabu. Kwa hiyo Waingereza walipata kardinali, na Wafaransa walipata mchuuzi.

Sisi tunamchukua mchuuzi. Tena tunaye hapa, hatuhitaji kwenda Paris.

Shukeni kutoka kilimani kuelekea Namirembe Road, mkate kwenda upande wa Owino na Old Taxi Park. Mtawaona mama zetu wa bitenge, vitambaa vimekunjwa vizuri mkononi, vingine begani, shanga na hereni kwenye beseni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, na aliyechagua mji anajitegemea, chakula cha kambini hakimfuati huku. Lakini kibali cha kuuza barabarani ni habari nyingine, na askari wa KCCA hawaulizi umetoka nchi gani kabla ya kubeba beseni. Sasa mwangalieni mama huyo akifanya kazi. Gari ya KCCA haijatokea. Hajaisikia. Ameona tu kwamba mgongo wa mwenzake aliye juu barabarani umenyooka. Basi. Mkono umeshaingia kwenye kitambaa, bei aliyokuwa anabishania ameiachia katikati, na gari linapokata kona yeye ni mtu anayetembea zake na mzigo, kama watu wote. Ni huyohuyo anayejua, kwa jinsi unavyopunguza hatua, kama unanunua au unapitisha macho. Anajua mvua itafika kabla simu yako haijakuambia.

Huyo ndiye angepewa projekta. Hakuna aliyemwalika kwenye mafunzo. Aliombwa tu asimame vizuri, abebe beseni kichwani, ageukie jua.

Tuongeze jambo moja kuhusu Cartier-Bresson, maana linatugusa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kilichomwasha moto wa kupiga picha ni picha ya mtu mwingine, Martin Munkácsi wa Hungaria, ya miaka ya 1930 hivi: wavulana watatu Waafrika, uchi, wanakimbilia mawimbi, miili yao kama vivuli dhidi ya povu jeupe. Picha hiyo imejulikana miaka mingi kama ya Ziwa Tanganyika. Vipo vitabu vingine vinavyoiandika Liberia. Hebu fikirini umbali huo! Sisi wa Uvira na Fizi tungependa iwe yetu, tumekimbilia mawimbi hayohayo na matako hayohayo nje. Lakini hoja si kuigombania. Hoja ni kwamba picha iliyomfanya baba wa picha za mtaani achukue kamera haina hata jina la mtoto mmoja, na maelezo yake hayakubaliani ni maji gani. Aliyebonyeza alijua sekunde. Hakujali mahali. Mkituambia picha ni sekunde tu, urithi wenu ndio huo.

Sasa tuseme jinsi kazi inavyofanyika hapa, kwa sababu tumeshaambiwa kwamba tunalalamika tu. Ziko njia, na tumezipata kwa miguu.

Uganda iko kwenye Ikweta. Jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima, na likichomoza halitambai, linaruka. Saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Saa sita kivuli cha mtu kiko chini ya viatu vyake na uso ulio chini ya kofia ni shimo jeusi. Mwanga wa kufanyia kazi ni ule wa kabla ya saa tatu, halafu unarudi baada ya saa kumi na moja. Gari za mashirika zinafika kilimani saa tano, baada ya mkutano wa asubuhi na jam. Halafu ripoti inaandikwa kwamba nyuso za watu zilionyesha uchungu. Ndugu, ni jua lilikuwa machoni.

Ijumaa tunakaa karibu na msikiti mkubwa. Ulianza kujengwa enzi za Idi Amin miaka ya 1970, ukakwama kwa miongo, ukamalizwa kwa pesa za Libya miaka ya 2000. Jina rasmi ni Msikiti wa Taifa, lakini mwambie kijana wa boda "Gaddafi" na atakufikisha. Swala ikiisha watu wanateremka kwa mara moja, kanzu nyeupe, kofia, vijana wa Kisomali wanaorudi Kisenyi wanashuka mbiombio wakipigiana simu. Mgeni hupiga huo msongamano, na anapata msongamano. Sisi tunauacha upite. Dakika kumi na tano baadaye wanakuja wazee, mmojammoja, wakishika ukuta, na vijana wa boda wanawajua. Kijana anageuza pikipiki kabla mzee hajainua mkono. Picha iko hapo, kwenye pikipiki kugeuka, na kuipata lazima uwe unajua ni mzee yupi na boda yupi. Tumechukua Ijumaa nne kujua.

Mvua nayo ina mpangilio wake. Kwanza upepo, vumbi na makaratasi. Wa kwanza kukunja ni mwenye mwavuli wa kutuma pesa, kwa sababu vitabu vyake havipendi maji. Anafuata muuza nguo. Muuza roleksi huwa wa mwisho, anaziba jiko la makaa kwa mwili wake mwenyewe na bado anageuza chapati. Ukishaujua mfuatano huu hukimbizani na watu. Unatangulia kwenda chini ya baraza ambalo watajikinga, unasimama mwisho kabisa, na wanapoingia wakicheka na kujipangusa wewe ni mmoja wa walionyeshewa, siyo mtu aliyewafuata na kamera.

Na simu. Wengi wetu hatuna kamera, tuna simu, na simu ya bei ya chini inachelewa. Unabonyeza sasa, inashika baadaye kidogo. Kwa hiyo lazima ubonyeze kabla. Gusa kioo pale mtu atakapokanyaga, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, teremsha simu kifuani, ngoja. Mguu unapoinuka, bonyeza. Ukisubiri mguu utue utapata mgongo. Kamera kubwa ya mwalimu inamsamehe mambo hayo. Sisi simu yetu imetulazimisha kutabiri, na kwa hilo tunaishukuru. Ila kumbukeni kwamba kamera ikiwa wazi masaa mawili inakula betri yote, na kuchaji dukani ni pesa, na kutuma picha ni pesa ya bando. Subira hii mnayoisifu ina gharama, na mpaka leo tumekuwa tukiilipa sisi.

Hapa tugeukie upande mwingine, kwa sababu si kila subira ni nzuri. Kiswahili kina kungoja, kina kutazamia, na kina kuvizia. Simba anavizia. Mwizi anavizia. Ana subira kuliko sisi wote, anakaa kimya, anasoma upepo, anajua njia ya kwenda mtoni. Kinachomtofautisha na mpiga picha ni nini? Sisi tunasema "kupiga" picha, na mitaani mama akiona simu imeelekezwa kwake anakuambia "usinipige". Anasema kweli, na anamaanisha.

Machi 1993, Ayod, Sudan ya Kusini ya leo, mpiga picha wa Afrika Kusini aitwaye Kevin Carter alimkuta mtoto amedondoka na njaa, na tai ametua nyuma yake. Kwa maelezo yake mwenyewe alingoja kama dakika ishirini, akitumaini tai atatandaza mabawa, maana picha ingekuwa na nguvu zaidi. Tai hakutandaza. Akapiga, kisha akamfukuza ndege. New York Times wakaichapa mwezi huohuo, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Tuwe waadilifu: kituo cha kugawa chakula kilikuwa karibu, waandishi walikuwa wameambiwa wasiguse watu kwa hofu ya magonjwa, na ile picha ilitikisa dunia na kuleta misaada. Carter mwenyewe hakumaliza mwaka huo wa tuzo, na kifo chake hatukitumii kama fimbo. Lakini zile dakika ishirini haziondoki. Yule alikuwa na subira. Alikuwa na kutazamia. Kila alichotufundisha mwalimu, Carter alikifanya. Alichokosa ni kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye projekta: hakumjua aliyelala pale. Miaka mingi watu waliamini ni msichana, baadaye ndo ikafahamika alikuwa mvulana.

Kati yetu wako waliozaliwa karibu na Ayod. Mkituonyesha picha ile kama mfano wa nguvu ya picha, angalieni kwanza nani ameketi kwenye viti.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea mpaka, na mpaka huo unaanza na foleni. Foleni ya ofisi hatupigi. Wala mlango wa polisi, wala watu waliolala nje ya geti wakisubiri asubuhi. Wenzetu wa simu zilizopasuka, sasa ni zamu yenu. Tunawaona. Kila mwezi kuna mmoja anayepandisha picha ya mama analia kwenye foleni, na mioyo inamiminika, mia, mia mbili. Unajua nani anatazama? Watu waliokimbia wamekimbia mtu. Wengine wamekimbia mume, wengine kamanda, wengine shemeji mwenye bunduki ambaye naye ana simu na ana binamu Kampala. Uso, ukuta unaotambulika na tarehe, hizo tatu zinatosha kumwambia kila kitu. Na mama aliyepigwa picha akikunja bitenge mbele ya gari ya KCCA, ninyi mmeona mwendo mzuri, askari ameona ushahidi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Hata isingekuwepo, mama yule angekuwa mama yako.

Tunajua mtakachojibu. Mtasema barabara ni ya wote, na picha ya mtaani ikiombwa ruhusa inakufa: mtu anajipanga, anatabasamu, imekuwa picha ya pasipoti. Ni kweli. Tumeomba ruhusa mara nyingi na tukapata pasipoti. Lakini hilo ni tatizo la mtu mwenye dakika kumi. Mwenye dakika kumi ana njia mbili tu, kuomba au kuiba. Mwenye mwezi ana ya tatu. Siku ya kwanza unakaa bila kutoa simu, unanunua chai. Siku ya tatu wanakuuliza wewe ni nani, unasema. Wiki ya pili muuza roleksi anakutania kwamba utamchosha kioo. Wiki ya tatu hakuna anayekuangalia tena, na ndipo unapopiga, na jioni unarudi kuonyesha. Anayesema "hii futa", unafuta mbele yake. Ruhusa imetolewa, ila imetolewa polepole na inaweza kurudishwa. Mtu bado yuko na sura yake ya kazini. Cartier-Bresson alifunika sehemu zinazong'aa za kamera yake kwa utepe mweusi ili asionekane. Sisi ngozi yetu na lugha yetu ndo utepe wetu. Tunazunguka na Kiswahili chetu cha Kongo na Luganda ya kuokota, "nnyabo" na "ssebo", na hakuna anayeshtuka.

Hilo ndilo mnalolitupa mnapomleta mtu kutoka nje kwa siku moja. Anaweza kuwa fundi kutuzidi mara mia. Hatajua mzee yupi na boda yupi. Atabaki na mambo yanayotabirika na kila mtu: mtoto akiona kamera atakimbia kuja, mama akiambiwa asimame atasimama, dumu la njano litakuwepo. Ndo maana picha zenu zote ni moja.

Na hata serikali zinajua mchezo huo. Mwaka 2015 yalipatikana hapa Kampala, kwenye kabati za shirika la utangazaji la taifa, filamu za picha kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Amin. Baadhi zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Mafundi wale walikuwa hodari. Walijua rais atasimama wapi, atapeana mkono na nani, saa ngapi, kwa sababu ratiba ilikuwa mfukoni mwao. Watu waliokuwa wanapotea miaka hiyohiyo hawakuwa kwenye ratiba, na kwenye picha ni vigumu kuwakuta. Tukipewa orodha ya kumi wanawake, kumi watoto, tunakuwa wapiga picha wa aina hiyo. Tukio limeshaamuliwa, sisi tunatumwa kulithibitisha.

Basi tuseme pesa, maana tukimaliza bila kusema pesa mtatuita washairi. Mnalipa kwa picha. Elfu kadhaa kwa moja, ukileta 40 unapata 40. Malipo hayo yanamfundisha kijana kitu gani? Apige foleni, maana foleni haitembei. Apige watoto, maana wanakuja wenyewe. Aliyekaa Ijumaa nne na kurudi na picha moja amelala njaa, na aliyezunguka geti la ofisi nusu saa amelipwa. Halafu mnaandika kwenye ripoti kwamba vijana wanahitaji mafunzo zaidi ya maadili. Hapana. Lipeni siku. Lipeni siku kumi za mtu kukaa kona moja, pamoja na chai, chaji na bando, na mkubali kwamba anaweza kurudi na picha mbili. Bajeti zenu zina mstari wa usafiri, mstari wa ukumbi, mstari wa mabango. Tumewahi kuonyeshwa moja, tukatafuta mstari wa muda, haukuwepo. Bango peke yake lilikuwa na pesa kuliko wapiga picha wote.

Na maelezo ya picha tutayaandika sisi, kwa Kiswahili kwanza. Mkitafsiri, tusomewe. Aliyepigwa akitaka jina liwepo, liwepo lote, siyo "mkimbizi mwanamke, Kampala". Akitaka lisiwepo, picha isionyeshe uso wala duka. Na akija mwaka kesho akasema iondolewe, iondolewe, hata kama imeshapendeza kwenye jalada. Tumemwona mama mmoja kwenye kalenda ya miaka miwili iliyopita, bado imening'inia kwenye ofisi fulani, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Anauza bitenge mita mia mbili kutoka pale.

Kuna mwenzetu alituuliza jana: mkikataa hizo picha 40, si watawapa wengine? Watawapa. Wengine wana kodi ya nyumba, hatuwalaumu, na sisi tuna kodi ileile. Ndo maana tunaandika kwa pamoja, bila jina la mtu, ili asitafutwe mmoja wa kunyimwa kazi. Vikundi vingine vya vijana Kisenyi, Katwe, Nsambya, Kansanga, kama mnapata ujumbe wa namna hii, tuambizaneni bei na masharti kabla ya kujibu. Tukiwa vikundi vitano vyenye jibu moja, ofisi itabidi ifikirie.

Kwa sasa tumegawana kona. Wawili wako chini ya msikiti, watatu wako kwenye mteremko wa bitenge, mmoja kwa muuza roleksi, na mmoja anafanya kazi ya mvua peke yake, tumemwachia kwa sababu ana koti. Mfanyakazi wa shirika anayetaka kuona tunavyofanya anakaribishwa, siku yoyote, kuanzia saa moja asubuhi. Aje bila fulana, aache kamera ofisini siku ya kwanza, na anunue chai yake. Juni 20 tutapeleka picha tisa. Ofisi ilijibu kwamba ukuta una nafasi ya 40. Tumewaambia hizo nyingine 31 waache wazi, na chini ya kila nafasi waandike saa ngapi gari lao lilifika.